Msimu wa iventingi 2026: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kutoka Kentucky hadi Aachen

Agosti 2026 mashindano ya dunia ya michezo ya farasi yanafanyika Aachen, Ujerumani, na kadiri yanavyokaribia maswali kuhusu iventingi yanazidi kumiminika. Haya hapa ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi. Nimeyajibu kama shabiki anayeupenda mchezo huu kuliko mwingine wowote, kabla farasi wa kwanza wa msimu hajaingia uwanjani.

Iventingi ni mchezo gani hasa?

Ni mashindano ya hatua tatu, farasi yule yule na mpandaji yule yule kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatua ya kwanza ni dresaji, ambapo farasi huonyesha utulivu na wepesi ndani ya uwanja uliopimwa. Ya pili ni mbio za nyika: kilomita kadhaa za vilima, maji, magogo na mahandaki. Ya tatu ni kuruka viunzi uwanjani, vile vyepesi vinavyoanguka vikiguswa. Pointi za hatua zote hujumlishwa, na mwenye chache ndiye mshindi, kwa sababu zote ni pointi za adhabu.

Chimbuko lake ni jeshini. Farasi wa afisa alitakiwa atulie kwenye gwaride, avuke nchi yenye vikwazo kwa kasi, na kesho yake awe bado mzima wa kufanya kazi. Mchezo uliingia Olimpiki mwaka 1912 mjini Stockholm, ukiwa wa maafisa wa jeshi. Wanajeshi wamebaki wachache siku hizi, lakini swali lile la kambini bado ndilo moyo wa iventingi: baada ya kazi ya jana, farasi wako amebakiwa na nini leo?

Je, ni sawa na mbio za farasi tunazoziona Ngong?

Hapana. Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong, farasi huachiliwa pamoja na kukimbizana kwenye njia ya bapa, na wa kwanza kufika ameshinda. Kwenye iventingi kila farasi huingia peke yake, akishindana na njia na saa. Undugu upo kwenye damu, maana farasi wengi wa iventingi wamechanganywa na thorobredi, farasi wa mbio. Pumzi ya kupiga shoti dakika kumi na moja mfululizo hutoka huko.

Dresaji inaonekana kama farasi anatembea tu. Majaji wanatazama nini?

Wanatazama kila hatua. Uwanja una upana wa mita 20 na urefu wa mita 60, na pembeni kuna herufi zinazoonyesha wapi mpandaji abadilishe mwendo: kutembea, telki, shoti fupi, kurudi nyuma, kwenda kwa mshazari. Kila tendo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10. Wastani wa majaji hugeuzwa kuwa asilimia, kisha hutolewa kwenye 100. Aliyepata asilimia 75 anaondoka na adhabu ya pointi 25. Ukiona mtu yuko chini ya 25 kwenye mashindano makubwa, ujue yuko pazuri.

Ugumu wake hauonekani kwenye televisheni. Huyu ni farasi aliyeandaliwa miezi kadhaa kwa ajili ya kupiga shoti. Mwili wake umejaa nguvu kama chemchemi iliyobanwa, na maelfu ya watu wamemzunguka. Anaambiwa atembee polepole, shingo imelegea, hatamu mkononi mwa mpandaji bila kuvutwa. Wapo wanaotoka nje ya uwanja wakati huu wakisubiri Jumamosi. Mimi siwaelewi, kwa sababu farasi anayemsikiliza mpandaji wake hapa ndiye utakayemwona kesho akimsikiliza mbele ya maji.

Kwa nini watu husema Jumamosi ndiyo siku yenyewe?

Kwa sababu Jumamosi ni siku ya mbio za nyika, na hapo hakuna pa kujificha.

Kwenye ngazi ya juu kabisa njia ina zaidi ya kilomita sita, kasi inayotakiwa ni mita 570 kwa dakika, na farasi hukaa njiani dakika 11 hadi 12. Miruko inaweza kufika 45. Vizuizi vyenyewe haviruhusiwi kuzidi mita 1.20, isipokuwa vile vyenye matawi juu, ambavyo hufika mita 1.45 kwa kuwa farasi anaweza kupitisha miguu ndani ya majani. Ukisikia mita 1.20 unaweza kudhani ni kidogo. Kaa kando ya kizuizi chenyewe ndipo utaelewa: ni gogo zito lisilosogea, upande wa pili ardhi imeshuka, na hatua tatu mbele kuna kingine kilichowekwa kwa mshazari ambacho farasi lazima akilenge mahali pembamba sana. Kila kizuizi kina bendera mbili, nyekundu kulia na nyeupe kushoto, na farasi lazima apite katikati yake.

Jambo linalonishika kila mwaka ni hili: mpandaji ameikagua njia nzima kwa miguu, mara kadhaa, akihesabu hatua kati ya kizuizi na kizuizi. Farasi hajaiona hata mara moja. Kila anachokutana nacho anakiona kwa mara ya kwanza akiwa kwenye kasi. Akifika ukingoni mwa bwawa hajui kina chake. Akiruka ua haoni kilicho nyuma yake. Anaruka kwa sababu aliye mgongoni amemwambia inawezekana, na kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja hajamdanganya. Uaminifu huo haununuliwi. Unajengwa kwa vizuizi vidogo, tangu farasi akiwa na miaka minne au mitano.

Wabunifu wa njia huweka pia mitego ya akili. Kizuizi kigumu mara nyingi huwa na njia mbili, fupi na ndefu. Njia fupi ni ya hatari lakini huokoa muda. Ndefu ni salama, ila kila sekunde inayopita muda uliowekwa ni adhabu ya pointi 0.4. Fanya hesabu: sekunde kumi ni pointi 4, sawa kabisa na kuangusha kiunzi kimoja Jumapili, siku ya viunzi. Mpandaji anapaswa kuamua hayo akiwa kwenye shoti, akisikiliza pumzi ya farasi na kutazama saa mkononi.

Ukipata nafasi ya kutazama kizuizi kimoja tu siku nzima, chagua kile chenye maji. Hapo ndipo utaona nani ana farasi anayemwamini.

Adhabu zinahesabiwaje kwenye mbio za nyika?

Farasi akigoma au kukwepa kizuizi, ni pointi 20. Akigoma tena kwenye kizuizi hicho hicho, 40. Akigoma mara ya tatu kwenye njia nzima, anaondolewa. Mpandaji akianguka, safari imeishia hapo. Farasi akianguka, vivyo hivyo.

Kuna adhabu mbili ambazo mashabiki wapya huzilalamikia. Ya kwanza ni pointi 15 farasi anapouruka ukingo wa kizuizi bila mwili wake wote kupita kati ya bendera. Olimpiki ya Paris 2024 adhabu hiyo ilimnyima Ros Canter wa Uingereza nafasi ya kugombea medali ya mtu binafsi. Ya pili ni pointi 11 kwa kuachisha kifaa cha usalama kilichofungwa kwenye kizuizi. Mjerumani Michael Jung aliipata Tokyo, akatoka kwenye kinyang'anyiro cha medali. Ninaitetea adhabu hii ya pili hata inapouma, kwa sababu vifaa hivyo vinaokoa maisha, na mpandaji anatakiwa asigonge kizuizi kwa nguvu kiasi hicho.

Jumapili asubuhi farasi wanakimbizwa mbele ya watu waliovaa suti. Kuna nini?

Ni ukaguzi wa afya, na kwangu ni sehemu muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Farasi hukaguliwa kabla ya dresaji, kisha tena asubuhi ya siku ya viunzi. Mpandaji humwongoza kwa mkono, akimtembeza na kumkimbiza telki kwenye sakafu ngumu, huku majaji na daktari wa wanyama wakiitazama miguu yote minne. Farasi anayechechemea hata kidogo haendelei. Awe anaongoza kwa pointi kumi, mashindano yamemwishia.

Nyuma ya ukaguzi huo kuna usiku mzima wa kazi ambayo kamera haiioni. Watunza farasi humwagia maji baridi mara tu anapovuka mstari, wanampoza miguu kwa barafu, wanamtembeza, wanapapasa kila mfupa kutafuta joto au uvimbe, wanang'oa njumu zilizokuwa kwenye viatu vyake vya chuma. Medali huvaliwa na mpandaji, lakini farasi wengi wanaofika Jumapili wakiwa wazima wamefikishwa na mtu ambaye jina lake halisomwi uwanjani.

Baada ya hapo ndipo viunzi vya mwisho. Kila kiunzi kinachoanguka ni pointi 4. Wanaanza walio nyuma, anayeongoza anaingia mwisho, na farasi aliyejifunza jana kwamba hata akigusa tawi hakuna kinachodondoka, leo lazima anyanyue kwato juu ya fito zinazodondoka kwa kuguswa tu.

Je, tofauti ya pointi huwa kubwa mwishoni?

Kwa kawaida ni ndogo kiasi cha kukukosesha usingizi. Paris 2024, kwenye uwanja wa Versailles, Michael Jung na fischerChipmunk FRH walimaliza na 21.8. Christopher Burton wa Australia na Shadow Man walipata 22.4. Laura Collett wa Uingereza na London 52 walipata 23.1. Siku kadhaa za mashindano, hatua tatu, na kati ya dhahabu na shaba kuna pointi 1.3. Kiunzi kimoja tu kingempokonya Jung dhahabu.

Ndiyo maana mabingwa wa leo husifiwa kwa kumaliza na zile zile pointi za dresaji, bila kuongeza hata moja. Kwenye iventingi hakuna wa kukupa pointi za ziada kwa ushujaa. Unalinda ulichonacho.

Nyota zina maana gani, na mashindano ya nyota tano ni yapi?

Ngazi za kimataifa zinaanzia nyota moja hadi tano. Nyota tano ndiyo kilele, na kwa miaka ya karibuni mashindano ya ngazi hiyo yamekuwa saba tu duniani kote. Kentucky, Marekani, ni Aprili. Badminton, Uingereza, ni Mei. Luhmühlen, Ujerumani, ni Juni. Burghley, Uingereza tena, ni mwanzoni mwa Septemba. Maryland ya Marekani na Pau ya Ufaransa ni Oktoba. La saba liko mbali na hayo yote, Adelaide, Australia.

Mpandaji anayeshinda Kentucky, Badminton na Burghley mfululizo anapata taji kubwa linaloitwa Grand Slam. Wamefanikiwa wawili peke yao: Pippa Funnell wa Uingereza mwaka 2003, na Michael Jung aliyechukua Burghley 2015, kisha Kentucky na Badminton 2016.

Badminton na Burghley zina tofauti gani? Ninazichanganya.

Kwanza, Badminton hapa si mpira wa vinyoya. Ni shamba kubwa la ukoo wa Duke wa Beaufort, kusini magharibi mwa Uingereza. Mashindano yake yalianza 1949, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya London, ili Waingereza wapate pa kujiandalia. Burghley ilianza 1961, kwenye bustani za jumba la karne ya 16 karibu na mji wa Stamford.

Badminton ardhi yake ni tambarare zaidi, na bwawa lake mbele ya jumba ndipo umati mkubwa unapokusanyika. Watu husimama wengi kiasi kwamba farasi anaweza kuwashangaa wao kuliko maji. Burghley ni vilima. Farasi anayepaa dakika tano za mwanzo bila kuhifadhi pumzi huipata hesabu yake kwenye mlima wa mwisho. Pale kuna kizuizi kinachoitwa Cottesmore Leap, chenye handaki pana ambalo mtu mzima anaweza kusimama ndani yake. Ukilitazama kwa jicho la binadamu linatisha, ilhali farasi wengi hulivuka vizuri, maana kitu kikubwa kinachoonekana wazi farasi hukiheshimu.

Ukiniuliza ipi nipewe, nitachagua Burghley. Ile milima haidanganyiki.

Kwa historia, jina la kukumbuka Badminton ni Lucinda Green, aliyeshinda mara sita, kati ya 1973 na 1984, kila mara na farasi tofauti. Sidhani kama rekodi hiyo itavunjwa. Burghley ni ya William Fox-Pitt, naye mara sita.

Nani anatamba kwa sasa?

Ros Canter na Lordships Graffalo. Walishinda Badminton 2023, ubingwa wa Ulaya mwaka huo huo huko Le Pin au Haras, Ufaransa, Burghley 2024, Badminton 2025 na Burghley 2025. Graffalo, aliyezaliwa 2012 na anayeitwa Walter bandani kwao, ni farasi mwenye hatua ndefu anayekimbia kama vile muda wa kumaliza hana wasiwasi nao. Canter alikuwa bingwa wa dunia tayari mwaka 2018, na farasi mwingine, Allstar B.

Michael Jung hajaenda popote. Ana dhahabu tatu za Olimpiki za mtu binafsi, 2012 na 2016 na farasi Sam, 2024 na fischerChipmunk FRH, na hakuna mwingine katika mchezo huu aliyefikisha tatu. Mwaka 2025 alishinda Kentucky kwa mara ya tano.

Halafu Laura Collett. Mwaka 2013 alianguka vibaya, akalazwa bila fahamu kwa siku kadhaa, na jicho lake la kulia halikurudi kuona kama zamani. Fikiria kupima umbali wa kizuizi kwa namna hiyo kwenye kasi ya mita 570 kwa dakika. Amerudi akashinda Badminton 2022, akachukua medali mbili Paris, na Septemba 2025 akawa bingwa wa Ulaya nyumbani kwao Blenheim, farasi akiwa London 52. Hakuna mpandaji ninayemheshimu kuliko yeye.

Na bingwa wa dunia anayetetea taji ni Yasmin Ingham, aliyelipata Pratoni del Vivaro, Italia, mwaka 2022 akiwa na miaka 25 tu, farasi akiwa Banzai du Loir.

Kwa nini kila jina la mpandaji linafuatwa na jina la farasi?

Kwa sababu ubingwa ni wa wawili. Mark Todd wa New Zealand alishinda Olimpiki 1984 na 1988, zote na Charisma, farasi mdogo wa umbo ambaye mpandaji wake alikuwa mrefu mno juu yake. Ukimtaja Todd bila Charisma umesimulia nusu ya habari. Mpandaji mkubwa asiye na farasi wa ngazi hiyo anabaki nyumbani, na tumeshaona miaka ambayo jeraha dogo la mguu wa farasi limefuta mipango ya mpandaji ya miaka minne.

Aachen 2026 itakuwaje?

Aachen ni mji ulio mpakani, Ujerumani ikikutana na Ubelgiji na Uholanzi. Kila kiangazi hufanyika hapo mashindano ya farasi ambayo mji mzima huyachukulia kama sikukuu, na uwanja mkuu hubeba watazamaji wapatao 40,000. Mwaka huu unapokea mashindano ya dunia ya michezo sita ya farasi kwa pamoja, iventingi ikiwemo. Mara ya mwisho mji huu kuyapokea ilikuwa 2006, na bingwa wa iventingi alikuwa Zara Phillips, mjukuu wa Malkia Elizabeth, na farasi Toytown. Timu ya dhahabu ilikuwa Ujerumani.

Kila taifa huleta timu ya wapandaji wanne, matokeo ya watatu bora yanahesabiwa. Olimpiki ni kali zaidi: watatu tu, na wote wanahesabiwa, kwa hiyo mmoja akianguka timu nzima imeumia. Mataifa yatakayofanya vizuri Aachen yatapata tiketi za mapema za Olimpiki ya Los Angeles 2028, na hiyo ndiyo sababu hata timu zisizo na ndoto ya dhahabu zitakuja na farasi wao bora.

Kama ni mashindano ya dunia, kwa nini ni nyota nne?

Kwa makusudi. Mashindano ya nyota tano yanatafuta farasi bora kabisa kati ya wachache wanaoweza kuimaliza njia hiyo. Mashindano ya dunia yanataka mataifa mengi yashiriki, na si kila taifa lina farasi wanne wa kiwango cha Burghley. Njia ya Aachen itakuwa fupi kuliko ya Badminton. Matokeo yake ni kwamba dresaji na viunzi vinapata uzito zaidi, kwa sababu wengi humaliza mbio za nyika bila kosa. Wapo wakongwe wanaolisikitikia jambo hili. Mimi naona linavumilika, mradi Badminton na Burghley zibaki zilivyo.

Wanawake na wanaume wanashindana pamoja?

Ndiyo, kwenye orodha moja, bila upendeleo kwa yeyote. Wanawake waliruhusiwa kwenye iventingi ya Olimpiki mwaka 1964, na Lana du Pont wa Marekani akarudi nyumbani na fedha ya timu mwaka huo huo. Ilichukua hadi Tokyo, mashindano yaliyofanyika 2021, mwanamke wa kwanza apate dhahabu ya mtu binafsi: Julia Krajewski wa Ujerumani, na farasi jike Amande de B'Neville.

Mchezo huu si hatari? Farasi hawateswi?

Ni hatari, na shabiki anayekanusha hilo haupendi mchezo huu kwa dhati. Watu wamekufa, farasi wamekufa. Tokyo farasi wa Uswisi aitwaye Jet Set aliumia mguu kwenye mbio za nyika, mbele ya dunia nzima, ikabidi auawe ili asiteseke.

Anguko baya kuliko yote ni lile ambalo farasi anagonga kizuizi kwa miguu ya mbele, mwili wake unapinduka hewani na kumwangukia mpandaji. Ndiyo sababu vizuizi vingi siku hizi vimefungwa vibanio vinavyoachia gogo lidondoke nguvu ya kugonga inapozidi. Wapandaji huvaa kinga ya kifua, na wengi huongeza fulana ya hewa inayofura mara tu wanapotengana na tandiko. Madaktari wa wanyama wana mamlaka ya kumsimamisha farasi, majaji wanaweza kumsimamisha mpandaji anayemsukuma farasi aliyechoka.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja miaka ishirini iliyopita, zilipoondolewa safari ndefu za barabarani na mbio za vichaka zilizokuwa zikitangulia mbio za nyika. Farasi wa zamani alikimbia kilomita nyingi zaidi kwa siku hiyo. Wa leo anakimbia kidogo, ila vizuizi vimekuwa vya ufundi zaidi.

Kuhusu mateso: farasi wa kilo mia tano na zaidi halazimishwi kuruka vizuizi arobaini vilivyosimikwa. Asipotaka, hugoma, na huwa tunaona. Lakini kutaka kwake hakutoshi. Farasi mwenye moyo huendelea hata akiwa amechoka, na hapo wajibu ni wa mpandaji kuinua mkono na kuacha. Wanaoacha hushangiliwa na umati sawa na wanaomaliza, na ingefaa washangiliwe zaidi.

Mbona hatuwaoni Waafrika, hasa wa kwetu Afrika Mashariki?

Wapo, wachache. Noor Slaoui aliiwakilisha Morocco Paris 2024. Afrika Kusini ilikuwa na Alexander Peternell London 2012 na Victoria Scott-Legendre Tokyo. Wanachofanana wapandaji wa bara hili kwenye ngazi hiyo ni kwamba kazi yao wanaifanyia Ulaya, na sababu si fedha tu.

Kuna ugonjwa wa virusi unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosambazwa na usubi. Punda milia huubeba bila kuugua, lakini farasi asiye na kinga akiupata mara nyingi hufa. Ugonjwa huu umeota mizizi kusini mwa Sahara, kwa hiyo nchi za Ulaya na Amerika zimeweka masharti makali kwa farasi wanaotoka kwetu. Afrika Kusini imepigania jambo hili kwa miaka na miaka. Kijana wa Nairobi au Arusha mwenye kipaji hawezi kupakia farasi wake kwenye ndege akaenda kushindana Luhmühlen kama jirani yake mwanariadha anavyopanda ndege na viatu vyake. Inambidi ahamie huko na kuanza upya na farasi mwingine.

Masharti ya namna hii yamewahi kuigawa hata Olimpiki yenyewe. Mwaka 1956 michezo ilikuwa Melbourne, lakini karantini ya Australia iliwazuia farasi wa kigeni, basi mashindano yao yakafanyika Stockholm.

Nitazame wapi, na saa ngapi za kwetu?

Badminton na Burghley zina huduma zao za kulipia mtandaoni, Badminton TV na Burghley TV. Mashindano ya shirikisho la kimataifa hupatikana FEI.TV, kupitia ClipMyHorse.

Majira ya kiangazi Uingereza iko nyuma ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa mbili. Mbio za nyika zikianza huko saa tano na nusu asubuhi, kwetu ni saa saba na nusu mchana, chakula kimeshaliwa. Aachen iko nyuma kwa saa moja tu, na wasomaji wa Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi wana saa ile ile ya Aachen. Muskat ongezeni mbili juu ya Aachen. Kentucky ndiyo inayokesha watu, maana tofauti na Nairobi ni saa saba, na viunzi vya mwisho huisha usiku.

Nani atashinda Aachen?

Timu, nasema Ujerumani. Wako nyumbani, wanaijua ardhi ya Aachen kuliko mtu yeyote, na dresaji yao huwapa mwanzo ambao wengine hukimbizana nao hadi Jumapili. Uingereza itawapumulia shingoni, kwa kuwa ina wapandaji wengi wa kiwango cha juu hadi kamati yao ya uteuzi huacha nyumbani watu ambao taifa lingine lolote lingewapokea kwa ngoma.

Kwa mtu binafsi, Graffalo akifika Agosti akiwa mzima, atakuwa na miaka 14, umri ambao farasi wa iventingi ana nguvu bado na ameshajua kila kitu. Ninamchagua yeye na Canter. Nitabadilisha jibu hili kwa sababu moja tu: nikisikia Jung anaingia Aachen na farasi aliye vizuri, mbele ya watu 40,000 wa kwao, akiwa na dresaji ya chini ya 22.